Kumfundisha Mbwa Mdogo wa Kwetu

Wewe mwenye mbwa katika vijiji vya Sandoa, soma maneno haya kabla ya kushika fimbo.

Mbwa wetu wa asili unamjua: masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, manyoya ni mafupi, na miguu haitulii. Kimo chake begani ni kama sentimeta 40, na uzito kama kilo 10. Habweki kama mbwa wengine, ila hulia kwa sauti ya kupanda na kushuka. Wazungu walimpeleka Uingereza mwaka 1895, lakini mbwa wale walikufa kwa maradhi. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa London. Huko humwita Basenji, ndilo neno letu la watu wa porini. Jina la dharau kwa mnyama mwenye akili!

Kwa kuwa habweki, wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wamsikie katika majani marefu. Lakini kengele haimrudishi. Kwa hiyo somo la kwanza ni kuja aitwapo. Mbwa asiyekuja ataua kuku wa jirani, nawe utalipa. Au atakimbilia barabarani, lori limkanyage.

Anza akiwa na miezi miwili. Mpe jina fupi. Asubuhi, kabla hajala, chuchumaa, umwite mara moja kwa sauti ya furaha. Akifika, mpe kipande kidogo cha bukari kilichochovywa katika mchuzi wa samaki. Fanya hivyo mara tano, kisha acha. Mbwa huyu huchoshwa upesi na neno lile lile. Ukiendelea mpaka jua kali, atalala akikutazama tu. Akizoea, mfunge kamba ndefu, umwite kutoka mbali zaidi.

Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi. Mbwa amekimbia, ameitwa mara kumi, mwisho anakuja, na bwana wake anampiga. Wewe wadhani umemwadhibu kwa sababu ya kukimbia. Yeye amejifunza kwamba kuja kwako ni kupigwa. Kesho hatakuja. Hata akichelewa, meza hasira yako, umpe kipande chake.

Na kuku je? Mshike kwa kamba karibu nao. Akiwatazama, kisha akageuza uso kukutazama wewe, mpe chakula papo hapo. Akitaka kuwarukia, mwondoe kimya. Ni kazi ya majuma mengi. Tena umpeleke mbio kila siku. Mbwa huyu akifungwa kutwa hutafuna kamba, kiti, hata viatu vyako vya kwendea sokoni.

Watoto wasimguse akila. Akitimiza miezi mitatu, mpeleke achanjwe chanjo ya kichaa cha mbwa, na kila mwaka tena, hata kama mganga wa wanyama yuko mbali. Mtu akiumwa na mbwa, osheni jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, ingawa jeraha ni dogo. Msingoje dalili: ugonjwa huo ukisha kuonekana, hakuna dawa ya kuuponya. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungwa bila hatari, afungwe peke yake na kuangaliwa siku 10. Akibadilika tabia, akitokwa mate au akifa, mwambieni mganga mara moja.