SAFARI YA MAFIA: MALI ILIYO CHINI YA MAJI



Katika somo letu la leo tunakwenda kisiwani Mafia. Wengi wetu tumelisikia jina hili, lakini tukiulizwa Mafia iko wapi tunanyamaza. Basi simama mbele ya ramani ya Tanzania. Weka kidole Dar es Salaam, kisha kishushe kusini kufuata pwani, mpaka mahali ambapo mto Rufiji unaingia baharini. Sasa vuka maji kwenda mashariki. Utaona kisiwa. Hicho ndicho Mafia, wilaya mojawapo ya Mkoa wa Pwani. Pembeni yake viko visiwa vidogo, kama Chole, Juani na Jibondo.

Mwenye fedha hupanda ndege ndogo kutoka Dar es Salaam. Sisi tulipita njia ya wengi, yaani Nyamisati, wilaya ya Kibiti. Chombo hupita kwanza katikati ya mikoko, na maji yametulia kama ya bwawa. Halafu bahari inafunguka. Hapo sisi watu wa bara tuliacha mazungumzo tukashika vyuma. Mama mmoja mwenyeji alitutazama, akacheka kidogo, akatupa ndimu tunuse.

Tulishuka Kilindoni, makao makuu ya wilaya. Kutoka hapo hadi Utende, upande wa pili wa kisiwa, ni kama kilomita 15. Utende ndiko waliko watalii wengi, na ndiko tulikoanza kujiuliza swali la somo hili. Mtu anatoka Ulaya. Analipa nauli kubwa. Anafunga chupa ya hewa mgongoni, anavaa miwani ya kuzamia, anakaa chini ya maji karibu saa nzima. Kisha anarudi juu mikono mitupu, hakuvua hata changu mmoja, naye anafurahi! Je, ameona nini huko chini?

Ameona matumbawe.

Wengi hudhani tumbawe ni jiwe. Sivyo. Tumbawe ni kama mji wa wanyama wadogo sana, wengi wao si wakubwa kuliko punje ya mchele. Kila mnyama ana mdomo, na ana mikono midogo ya kukamatia chakula. Hutoa chokaa mwilini mwake, akajijengea nyumba. Akifa, nyumba yake inabaki, na wengine wanajenga juu yake. Hivyo mji unapanda polepole. Ndani ya nyumba hizo na kandokando yake samaki hujificha, hula na kuzaa. Katika bahari ya Mafia zimeonekana aina zaidi ya 400 za samaki.

Hebu tufanye hesabu. Matumbawe ya aina ya mviringo, yale yanayofanana na kichuguu, hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Ukikuta moja lenye kimo cha sentimita 150, lina umri gani? Ni kama miaka 150. Hakuna mzee kijijini kwako aliyekuwapo lilipoanza.

Sasa mtu akitupa bomu la baruti, anapata samaki wa siku moja. Tumbawe la miaka 150 linavunjika kwa kufumba na kufumbua, na samaki wachanga wanakufa pamoja na wakubwa. Wengi wao wanazama, hata mvuvi mwenyewe hawapati. Mafia iliteswa sana na mabomu haya. Tena matumbawe yalichimbwa ili yachomwe kupata chokaa ya kujengea. Halafu mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida. Ndani ya mwili wa tumbawe huishi mimea midogo mno inayolipa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Maji yakizidi joto, mimea hiyo huondoka. Tumbawe hugeuka jeupe, na joto likidumu, hufa. Matumbawe mengi ya Mafia yalikufa mwaka ule, na hapo hapakuwa na mvuvi wa kulaumiwa.

Kabla ya hapo, mwaka 1995, Serikali ilikwisha kuanzisha Hifadhi ya Bahari ya Mafia. Ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo nchini, na eneo lake ni kilomita za mraba 822. Sehemu fulani za bahari hiyo haziruhusiwi kuvuliwa kabisa. Sehemu nyingine wanavua wenyeji, kwa zana zinazokubaliwa. Juya la kokoro lenye matundu madogo haliruhusiwi, kwa sababu linazoa hata kisamaki cha ukubwa wa kidole.

Mkulima ataelewa jambo hili upesi. Mbegu ya kupanda haipikwi, hata kama watoto wana njaa. Samaki wakiachwa wazaliane mahali pamoja, wengine hutoka wakaenda mahali panapovuliwa.

Lakini tusiseme maneno matamu tu. Mkulima ana ghala ya kumfikisha msimu mwingine. Mvuvi hana. Akiambiwa asivue hapa, ni leo hii watoto wake watakula nini? Na akina mama wanaochokoa pweza maji yakitoka, hawana mashua ya kuwapeleka mbali. Tuliyasikia malalamiko hayo, na sisi hatuyaoni kuwa ya bure. Mgeni analipa kiingilio cha kutazama samaki. Mwenye kijiji ana haki ya kuuliza kiingilio hicho kinakwenda wapi. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 inataka vijiji vishirikishwe katika mipango. Asiyekwenda mkutanoni, au anayekwenda asisome karatasi iliyobandikwa ubaoni, atasimuliwa na wengine.

Twende upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni. Kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, hapo huonekana samaki aitwaye potwe. Ni aina ya papa, na hakuna samaki mkubwa kuliko yeye duniani. Wengi wanaoonekana Mafia bado ni vijana, nao wana urefu wa mita tano hadi tisa. Usikimbie! Potwe hali watu. Hufungua domo lake pana akachuja uduvi na vijidudu vya majini. Ndiyo, uduvi uleule tunaoula na ugali.

Zamani ilidhaniwa kwamba msimu ukiisha potwe huhama kwenda mbali. Wataalamu waliwafunga baadhi yao vyombo vidogo vinavyotoa mlio, wakaweka vyombo vingine chini ya bahari vya kuusikia mlio huo. Ikajulikana kwamba wengi hubaki karibu na Mafia mwaka mzima, ila husogea kwenye maji ya kina, watu wasiwaone. Tena kila potwe ana madoa yake mgongoni na ubavuni, hayafanani na ya mwenzake, kama alama ya dole gumba tuliyokuwa tukiweka kwenye karatasi kabla hatujajua kusoma.

Wavuvi wa dagaa na potwe hukutana mahali pamoja, na mara nyingine potwe huingia wavuni. Kumtoa ni kazi, na wavu unaweza kuchanika. Anayechapa maji kando ya potwe kwa furaha amkumbuke mwenye wavu huo. Naye mgeni asimguse potwe, wala asimzibie njia.

Kisiwani Juani yako magofu ya mji wa Kua. Utaona kuta za jumba la mtawala, misikiti na makaburi, yote katikati ya miti. Mji huu ulishambuliwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19, nao haukuinuka tena. Kuta zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa hiyo hata mji ulitoka baharini. Yapo pia masimulizi ya ugomvi wa Kua na Kisimani, lakini hayo yanahitaji somo lake. Jirani hapo, Chole, mchana utawaona popo wakubwa wala matunda wakining'inia mitini kama nguo zilizoanikwa. Mafundi wa Chole bado wanasifika kwa kuunda majahazi.

Upande wa mashariki wa Juani kuna fukwe ambazo kasa hupanda usiku kutaga. Zamani aliyeona nyayo za kasa alichimba mayai akala. Tangu mwaka 2001 wanakijiji walianza kulipwa kifuta jasho kwa kutoa habari za kiota na kukilinda. Mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 60. Watoto wakitoka hukimbilia baharini wenyewe, mama yao ameondoka zamani, na wageni hulipa ili wayaone hayo. Mtoto wa kike akibahatika kuishi, itapita miaka 20 au zaidi kabla naye hajapanda ufukweni kutaga.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Tumbawe la mviringo lenye kimo cha sentimita 90 lina umri wa kama miaka mingapi? Andika hesabu yako.

2. Kijijini kwenu kuna msitu, mto au ziwa linalolindwa? Nani anafaidika, na nani amepoteza kitu? Wapeni nafasi wote wawili waseme.

3. Ungekuwa mvuvi wa Mafia, ungeuliza nini katika mkutano wa kijiji? Andika swali lako kwa sentensi mbili.