Mashine ya Mvuke ya Kusafishia Magari: Ununue Ipi Ukiwa Masasi au Newala?

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa Oktoba, magari ya wanunuzi, ya vyama vya msingi na ya benki hupishana kati ya Masasi, Newala na Tandahimba. Yakitoka kwenye barabara za udongo huwa yana vumbi jekundu mpaka ndani ya reli za viti. Kama unaosha magari, au unafikiria kufungua sehemu ya kuoshea, huenda umeshaona kwenye simu video za mashine za mvuke na ukajiuliza kama ile ya bei nafuu itafaa au mpaka ukope ununue ya kitaalamu.

Nikujibu mapema. Anayeanza anunue mashine ya umeme ya kati, yenye tangi na nguvu ya wati 1,500 hadi 2,000, na pesa itakayobaki anunulie mashine ya kufyonza vumbi. Ya kitaalamu isubiri mpaka magari yaanze kupanga foleni. Sababu zake nazieleza hapa chini.

Mashine yenyewe inafanyaje kazi? Inachemsha maji ndani ya chombo kilichofungwa kabisa. Kwa kuwa mvuke hauna pa kutokea, presha hupanda na joto hupanda nayo, hata kupita nyuzi 100. Presha ikifika bar 4, joto la ndani hukaribia nyuzi 150. Ukibana kitufe, mvuke hutoka kwa nguvu ukalainisha jasho lililoganda kwenye usukani, soda iliyomwagika katikati ya viti na mafuta kwenye pedeli. Baada ya hapo uchafu unafutwa kwa kitambaa. Mvuke wenyewe hauondoi uchafu, unaulegeza tu. Gari lenye tope matairini na chini ya bodi bado linataka maji ya kawaida, na anayekuambia mvuke unatosha kwa kila kitu anataka kukuuzia.

Faida yake kubwa kwa watu wa uwanda wa Makonde ni kuokoa maji. Huko juu udongo wa kichanga hunywa mvua yote, hakuna mto wa kutegemea, na ndiyo maana tangu miaka ya 1950 kumekuwa na mradi wa kusukuma maji kwa pampu kutoka bondeni hadi juu Newala. Masasi, iliyo chini, hupata maji ya mamlaka ya maji ya MANAWASA kutoka chanzo cha Mbwinji. Kiangazi kikikaza, anayeosha magari Newala anaijua bei ya kila ndoo. Ndani ya gari dogo, kwa mvuke, hutamaliza hata lita 4.

Sasa tuje kwenye kuchagua, na hapa ndipo wengi wanapopigwa. Wauzaji hupenda kutaja presha: bar 5, bar 8, bar 10. Wewe tazama wati. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji kiasi fulani cha nishati, na hakuna kiwanda kinachoweza kukwepa hilo. Mashine ya wati 1,500 haiwezi kutoa mvuke wa zaidi ya lita 2 na kidogo za maji kwa saa, hata ibandikwe namba gani ubavuni. Ya wati 2,300 hutoa kama lita 3. Na soketi zetu za kawaida za ampea 13 kwenye volti 230 huishia karibu wati 3,000, yaani lita 4 hivi kwa saa. Anayetaka zaidi ya hapo anahitaji umeme wa njia tatu, ule wa mashine za kusaga, au mashine inayochemsha kwa dizeli kama Optima Steamer ya Korea Kusini. Hizo ni mashine za mtaji mkubwa.

Tuchukue mfano wa kampuni moja. Kärcher ya Ujerumani hutengeneza SC 2 ya nyumbani, ambayo ni ya daraja lile la kati, yenye wati 1,500, presha ya bar 3.2 na tangi la lita 1. Hutengeneza pia SG 4/4 ya kitaalamu, ya kazi za biashara, yenye wati 2,300 na bar 4. Huko Ulaya ya kwanza huuzwa euro mia na kitu, ya pili hukaribia au kupita euro 1,000. Linganisha vizuri: bei inapanda karibu mara kumi, lakini mvuke unaongezeka kwa nusu tu. Kinachokula pesa nyingine ni uimara. Mashine ya biashara imeundwa kufanya kazi kutwa nzima, unaweza kuongeza maji bila kuizima, mpira wake ni mrefu, na kikifa kipuri unaagiza kipuri. Ile ya nyumbani, maji yakiisha unaizima, unasubiri presha ishuke, unajaza, unasubiri tena ichemke. Kwa magari mawili kwa siku hilo linavumilika. Kwa magari manane, mteja ataondoka.

Kuna aina ya tatu, ile bastola ndogo ya kushika mkononi. Ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo ninayokuomba uikwepe kwa kazi ya biashara. Maji yake ni kidogo, hutema matone badala ya mvuke mkavu, na chombo kinachochemka kiko sentimita chache kutoka vidoleni mwako. Hata kampuni zenye jina zimepata matatizo nazo. Julai 2024 Bissell ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa mashine zaidi ya milioni 3 za Steam Shot, baada ya taarifa za watu kuunguzwa na maji moto na mvuke. Ikiwa hivyo kwa kampuni kubwa, bastola isiyo na jina la kiwanda wala kitabu cha maelezo ni ya kuogopwa zaidi.

Kabla ya kulipa, iwe ni Kariakoo, Mtwara mjini au kwa kuagiza mtandaoni, geuza mashine usome kibati chake. Kiwe kimeandikwa volti 220 hadi 240. McCulloch MC1275, inayosifiwa sana na waosha magari wa Marekani, imeundwa kwa volti 120, na ukiichomeka kwenye umeme wetu itaungua. Tafuta valvu ya usalama, ile inayotoa mvuke wenyewe presha ikizidi, na kifuniko kisichofunguka tangi likiwa la moto. Uliza alama ya ubora ya TBS, risiti na dhamana ya maandishi. Ukiagiza nje, hesabu pia usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, maana bei ya kwenye simu si bei ya kukufikia Masasi.

Umeme unagharimu kiasi gani? Mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika hula yuniti moja na nusu. Kwa mteja wa TANESCO anayelipa kama shilingi 356 kwa yuniti pamoja na tozo, gari la saa moja na nusu ni takriban shilingi 800. Usitumie ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Nunua yenye waya wa milimita 2.5 za mraba na uukunjue wote, kwa sababu ukiwa umeviringwa hupata moto hadi plastiki yake ikayeyuka.

Maji ya tangini nayo yana mambo yake. Maji ya visima mara nyingi huacha ukoko mweupe, ule unaouona ndani ya birika la umeme, na ukoko huo ndio unaoua mashine nyingi mapema. Hapa uwanda una bahati yake: watu wa Newala wana desturi ya kuvuna maji ya mvua, na maji hayo hayana chokaa. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kinga inayofuata, yaache yatulie, kisha chuja kwa kitambaa safi. Usitie sabuni wala manukato tangini.

Siku ya kazi, anza kwa kufyonza vumbi lote. Mvuke ukikutana na vumbi jekundu kavu unalifanya tope, na tope hilo linaingia ndani ya kitambaa cha kiti. Kisha funga kitambaa cha maikrofaiba kwenye mdomo wa mashine, pitisha taratibu mstari kwa mstari, na ugeuze upande kila unapoona rangi ya matofali. Kwenye matundu ya kiyoyozi tumia mdomo mwembamba kwa sekunde mbili tatu tu, kitambaa kikiwa chini yake, maana vumbi litatiririka kama chai nzito. Acha milango wazi mpaka viti vikauke kabisa, la sivyo gari litanuka uvundo kesho yake.

Usipige mvuke kwenye redio na skrini, vitufe vya madirisha, waya zilizo wazi kwenye injini, rangi iliyorudiwa, stika, wala kioo chenye ufa. Kitambaa cha dari kimegandishwa kwa gundi. Joto likizidi, kinaning'inia, na utamlipa mwenye gari. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Usifungue kifuniko kabla ya kuzima na kuruhusu presha iishe yote, na watoto wakae mbali.

Mwisho, hesabu ya mtaji. Tuseme, kwa mfano tu, kila gari likikuachia faida ya shilingi 5,000 baada ya umeme, maji na posho ya msaidizi, na unapata magari 12 kwa wiki. Mashine ya shilingi 400,000 itarudisha pesa yake kwa magari 80, kama wiki saba. Ya milioni 4 inataka magari 800, zaidi ya mwaka na miezi mitatu, na msimu wa korosho haudumu mwaka. Mashine ya kitaalamu inalipa kwa mwenye mkataba wa magari mengi, kama ya taasisi au ya kampuni ya mabasi.

Kama mtaji ni tatizo, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako masharti ya kikundi. Na ukifika dukani, mwambie muuzaji aiwashe mashine mbele yako kwa dakika 10. Ikivuja kwenye maungio au ikitema maji badala ya mvuke baada ya kupata moto, mrudishie uende duka lingine.