Uponyaji hauuzwi kwenye chupa

"Ni mama wa watoto wawili, naishi Ukonga Mazizini. Mume wangu ametuacha, amehamia kwa mwanamke mwingine Kitunda. Nimetoa sadaka za kukomboa ndoa, nimenunua maji na mafuta ya upako mpaka nimekopa kikoba. Mtumishi anasema imani yangu haba. Silali. Mungu ameniacha?"

Dada yangu, pole sana. Nianze na hilo la imani haba, maana ndilo lililoniuma zaidi. Mwanamke aliyeachwa, anayeamka alfajiri kuwaandaa watoto na bado akapiga magoti, hana imani haba. Aliyekwambia hivyo amekutonesha kidonda.

Fungua Marko sura ya 5. Yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 alikuwa amemaliza mali yake yote kwa matabibu. Yesu hakumdai hata senti. Damu ilishakoma alipogusa vazi, lakini Yesu alisimama katikati ya umati ule, akamngoja ajitokeze, akamsikiliza mpaka akamaliza kueleza, kisha akamwita binti. Mwili ulikuwa umepona kimyakimya. Hapo sasa akarudishiwa heshima yake mbele za watu. Hicho ndicho unachokitafuta, dada, na hakuna anayekiuza.

Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa wakikanyagana katika kukimbilia mafuta ya upako. Walikuwa na shida za kweli kama zako, siwalaumu hata kidogo. Ninachokikataa ni kumfanya Mungu awe na bei.

Sikuahidi kwamba mumeo atarudi. Huenda asirudi, na wewe ukapona. Kristo mwenyewe alifufuka na makovu yake, akamwonyesha Tomaso.

Tafuta mama mmoja mtu mzima katika jumuiya yako, anayejua kutunza siri, umweleze yote, hata hasira unayoificha. Mbele za Mungu nako usijikaze. Zaburi ya 88 ni kilio mwanzo mpaka mwisho, inaishia gizani, na imo katika Biblia. Huko kukosa usingizi kapeleke Hospitali ya Amana, umwambie daktari na habari ya kuachwa. Kumeza dawa si kumkana Mungu.

Mtumishi akipiga simu tena, usitume hela. Ukipata chochote, walishe watoto kwanza, kisha ulipe deni la kikoba.