Linux Nyembamba kwa Mashine Pepe

Je, seva moja ya ofisi inaweza kufanya kazi ya tarakilishi kumi? Inaweza, kwa njia ya mashine pepe. Hizi ni tarakilishi zinazoundwa na programu ndani ya seva, kila moja ikigawiwa sehemu ya kumbukumbu, diski na prosesa. Moja itahifadhi rekodi za wagonjwa, nyingine ishughulikie malipo ya leseni, na moja ikikwama nyingine haziguswi. Kwenye Linux, kazi hiyo hufanywa na KVM, iliyoingizwa katika kiini cha mfumo huo mwaka wa 2007.

Kila mashine pepe huhitaji mfumo wake wa uendeshaji, na hapo ndipo nafasi hupotea. Mfumo wa kawaida huja na madirisha, sauti, Bluetooth na programu za printa. Mashine pepe ya malipo haina spika!

Alpine Linux huacha mizigo hiyo. Kwa mujibu wa watengenezaji wake, usakinishaji wa msingi huchukua takriban megabaiti 130 za diski, na lipo toleo liitwalo virt lenye kiini kilichopunguzwa kwa ajili ya mashine pepe. Amri za kila siku, kama kunakili au kutafuta faili, zimekusanywa katika programu moja ndogo, BusyBox. Programu zikiwa chache, milango ya wadukuzi nayo hupungua, na masasisho ya kufuatilia huwa machache.

Kuna bei yake. Alpine hutumia maktaba ya musl badala ya glibc iliyozoeleka, hivyo programu iliyotayarishwa kwa glibc inaweza kukataa kabisa kuanza. Fundi aijaribu kwanza kwenye mashine pepe ya majaribio, si ile inayohudumia wananchi.

Wembamba pekee si kinga. CoreOS, iliyoanza mwaka wa 2013 na baadaye kuitwa Container Linux, ilipendwa kwa udogo wake. Red Hat iliinunua kampuni hiyo mwaka wa 2018, na Mei 26, 2020 masasisho yakakoma. Seva zilizobaki nayo ziliendelea kuwaka kama kawaida, na hiyo ndiyo hatari: hakuna kinachoonekana kuharibika.

Matoleo ya Alpine nayo huwa na tarehe ya mwisho, kwa kawaida takriban miaka miwili. Tarehe hiyo iandikwe kwenye daftari la seva siku ile ile mfumo unaposakinishwa.