Udhibiti wa Matangazo na Neno "Madoadoa": Je, Serikali Ipewe Rungu?

Makala haya yanadhamiria kujadili iwapo serikali inapaswa kudhibiti yanayotangazwa redioni na kwenye televisheni. Suala lenyewe limejadiliwa mno katika taaluma za sheria na uanahabari. Mchango wetu utaegemea lugha, kwa kuwa anayedhibiti matangazo hudhibiti maneno, na maneno ndiyo malighafi yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili.

Yafaa kwanza kutenganisha dhana tatu ambazo aghalabu huchanganywa. Kuna kuchuja, yaani kuondoa jambo kabla halijafika hewani. Kuna kuzima, yaani kukata mawimbi yote, ya kweli na ya uongo kwa pamoja. Kisha kuna kuadhibu baada ya jambo kutamkwa. Anayeunga mkono la tatu si lazima aunge mkono mawili ya kwanza. Mijadala mingi huvurugika kwa sababu neno "udhibiti" hubebeshwa yote matatu.

Kenya imeyaonja yote. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, Sauti ya Kenya, iliyokuja kuwa KBC mwaka 1989, ndiyo pekee iliyotangaza nchini, na ilikuwa mali ya serikali. Hapakuwa na haja ya mchujaji kubisha mlangoni; alikuwa ndani. KTN ilipoanza mwaka 1990, na redio za masafa ya FM zilipochipuka baadaye, udhibiti ulilazimika kutoka nje na kuonekana. Tarehe 30 Desemba 2007, punde baada ya matokeo ya urais kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja kwa hoja ya usalama wa umma. Tarehe 30 Januari 2018, siku Raila Odinga alipojiapisha katika bustani ya Uhuru, mitambo ya NTV, KTN na Citizen ilizimwa. Mahakama Kuu iliamuru irejeshwe, lakini siku kadhaa zilipita kabla ya amri kutekelezwa. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo siku iyo hiyo.

Watetezi wa udhibiti wana hoja nzito, na si haki kuipuuza. Wao hutaja Rwanda, ambako redio RTLM iliwaita Watutsi mende mwaka 1994 na kuwachochea wasikilizaji wawaue. Hapa kwetu Tume ya Waki, iliyochunguza vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilizoua watu 1,133, ilizitaja baadhi ya redio za lugha za kienyeji miongoni mwa zilizochochea uhasama. Lakini tuutazame mfano wa Rwanda kwa makini. RTLM haikuwa redio ya waasi waliomshinda nguvu mchujaji. Waasisi wake walikuwa karibu na watawala. Kama pangekuwapo ofisi ya kuchuja matangazo mjini Kigali, ingekuwa mikononi mwa marafiki wa redio hiyo hiyo. Aidha, marufuku ya Kenya haikuzuia mauaji ya Januari 2008 kule Eldoret, Nakuru na Naivasha. Huenda hali ingekuwa mbaya zaidi bila marufuku hiyo. Hilo haliwezi kuthibitishwa. Lililo wazi ni kwamba raia aliyenyimwa picha alibaki na uvumi.

Sasa tuje Maua, makao ya Igembe Kusini. Tarehe 8 Januari 2022, Seneta wa Meru wakati huo, Mithika Linturi, aliyewahi kuwa mbunge wa eneo hili, alihutubia mkutano mjini Eldoret na kuwahimiza wenyeji waondoe "madoadoa". Alikamatwa siku iliyofuata. Yeye alieleza kuwa alikusudia vyama vya siasa, wala si makabila.

Kamusi haiwezi kuamua kesi hii. Madoadoa ni mabaka madogo, ya chui au ya ndizi iliyoiva. Katika Bonde la Ufa, hata hivyo, neno hilo lilikwisha kutumiwa kuwarejelea "wageni" wakati wa machafuko, na msikilizaji wa Eldoret hulisikia pamoja na historia hiyo. Lingetamkwa katika soko la miraa la Maua, pengine lisingemshtua mtu. Isimu-jamii inatufunza kuwa maana huzaliwa baina ya neno, mahali na anayelisikia. Mchujaji aliyeketi Nairobi na orodha ya maneno haramu atalinasa neno na kuikosa maana. Atafanyaje basi na vituo kama Muuga FM na Meru FM, vinavyotangaza kwa Kimeru, lugha yenye mafumbo yake ambayo huenda yeye haielewi?

Kwa maoni yetu, Katiba ya 2010 imeweka mpaka mahali pafaapo. Kifungu cha 33 hakilindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki, ilhali kifungu cha 34 kinaikataza Dola kuingilia shughuli za watangazaji. Aliyetamka ashtakiwe, muktadha uchunguzwe mahakamani, na mashahidi wanaoijua lugha waitwe. Njia hii ni ya polepole, tunakubali, na mwathiriwa hafufuliwi na hukumu. Ndiyo maana kinga ya kwanza ni mtangazaji mwenyewe, hasa katika vipindi vya kupiga simu, ambako msikilizaji hutamka lolote. Sauti inaweza kucheleweshwa sekunde chache, simu ikakatwa. Hilo lataka mtu studioni anayeujua msemo wa kijijini kabla haujafika hewani, na mtu huyo hapatikani kwa amri ya waziri.