KURA NI AMANA
Somo la mtu asiye na chama apimapo wagombea

Ama baada. Mtu akitaka kumwachia mwenziwe funguo za duka kwa mwezi mmoja tu, huuliza sana. Huuliza kwa majirani, huuliza kwa waliomdai na kwa waliodaiwa naye, na lau asikie ya kuwa mtu yule aliwahi kula mali ya yatima, humwepuka hata akiwa ni mtoto wa shangazi yake. Walakini mtu huyo huyo, siku ya kura ikifika, humpa asiyemjua funguo za jimbo zima kwa miaka mitano, na hoja yake ni kofia, au wimbo, au kilo moja ya sukari. Somo hili lahusu jambo hilo.

Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, katika wanazuoni wa zama za karibu, aliifananisha kura na mambo matatu: ushahidi, uombezi na uwakala. Mwenye kupiga kura ashuhudia ya kuwa mtu huyu anafaa, amwombea cheo, tena amfanya wakala wake na wakala wa watu wengine. Basi akishuhudia kwa asiyoyajua, ushahidi wake una kasoro. Na akimfanya mwizi kuwa wakala, hasara haitamfika yeye peke yake.

HALI YA MTU ASIYE NA CHAMA

Na achukuliwe kwa mfano mfanya biashara mmoja mtu wa Tanga, aliyehamia Arusha na kukaa Sakina, njiani kwendea Namanga. Jina la mtaa huo latamkwa sawasawa na neno sakina, nao ni utulivu wa moyo. Na utulivu ndio autakao mtu huyu wakati wa kampeni. Hana kadi ya chama cho chote. Jambo la kwanza limpasalo ni kuangalia kadi yake ya kupigia kura na daftari la kituo chake, kwani jimbo la Arusha Mjini limezungukwa na Arumeru, na si kila aitwaye mtu wa Arusha ni mpiga kura wa mjini. Asiyejua jimbo lake atapoteza siku zake kuwapima wagombea wasiomhusu.

Jambo la pili na ajue ya kuwa uhuru wake una mpaka. Vyama vingi vilirudishwa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1992, lakini Katiba yataka kila mgombea wa Bunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga sharti hiyo mahakamani kwa miaka mingi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema jambo hilo ni la Bunge, si la mahakama. Mwezi wa Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha hapo hapo, iliamua ya kuwa sharti hiyo yavunja haki za raia. Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, mgombea huru huruhusiwa. Basi mtu wa Sakina asiye na chama ni huru katika kuchagua, lakini huchagua katika wale walioletwa mbele yake na vyama.

Wala kumpima mtu badala ya chama si jambo geni. Mwaka 1965, chama kilipokuwa kimoja, wagombea wawili wa chama hicho hicho walisimamishwa katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe na mmoja kwa alama ya nyumba. Hapakuwa na chama cha pili cha kukikimbilia. Mpiga kura alilazimika kumtazama mtu na tabia yake. Wabunge wengi wa zamani walianguka, na Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alikuwa miongoni mwao. Wazee wale walijua kupima.

MIZANI YA KWANZA: KUIJUA KAZI

Kazi ya mbunge, kwa Katiba, ni kuisimamia na kuishauri Serikali, kutunga sheria, na kuipitisha bajeti. Tena yeye ni mjumbe katika halmashauri yake, na kwa sheria ya mwaka 2009 husimamia kamati ya Mfuko wa Jimbo. Hana hazina yake mwenyewe ya kujengea barabara. Basi mgombea asemaye, "Nitawajengea," na aulizwe: kwa fedha gani, na kwa idhini ya nani?

Mathalan ni maji. Maji mengi ya pande za Mlima Meru yana madini ya floridi kupita kiasi, na watoto wayanywayo meno yao huwa ya rangi ya kahawia, na wengine mifupa yao hudhurika. Akija mgombea wa kwanza akisema, "Mkinichagua maji yatabubujika," na akaja wa pili akisema, "Nitaiuliza mamlaka ya maji kipimo cha floridi katika kila kisima, nitaitaka halmashauri ikitangaze, na nisipojibiwa nitamwuliza Waziri Dodoma," basi wa pili ameonyesha ya kuwa aijua njia. Huenda asiwe msemaji mtamu. Lakini anayezijua njia hafanani na asiyezijua.

MIZANI YA PILI: MKONO

Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa, ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa desturi ambao mgombea huwafanyia watu. Hapo pilau, kanga na chumvi vilipata mlango. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliufunga mlango huo, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuipambanua takrima na rushwa, na kwa kuwa mgombea maskini alidhulumiwa. Kisha mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi ili kuweka mpaka wa matumizi.

Walakini mtu mwenye dini hangojei mahakama katika jambo hili. Habari ya yule mtu aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi akisema sehemu hii ni ya umma na sehemu hii amepewa yeye zawadi, ni mashuhuri. Mtume (s.a.w.) alimkemea, akauliza kama angeletewa zawadi hizo lau angalikaa nyumbani kwa wazazi wake. Kipimo hicho hicho na kigeuzwe: je, mgombea huyu angaliuleta mfuko huu wa sukari lau mwenye nyumba hakuwa na kadi ya kura? Jibu likiwa la, basi si sukari, bali ni bei.

Tena bei yenyewe ni ndogo mno. Mfuko wa sukari huisha kwa mwezi mmoja, na kura hudumu miezi sitini. Na aliyekwisha kupokea asidhani ya kuwa amefungwa. Ahadi ya kutoa ushahidi wa uwongo haimfungi mtu. Na arudishe akiweza, na atubu, kisha achague kwa haki.

MIZANI YA TATU: ULIMI

Katika uchaguzi wa 2010 Godbless Lema wa CHADEMA alimshinda Dkt. Batilda Burian wa CCM katika jimbo la Arusha Mjini. Wapiga kura watatu walikwenda mahakamani, wakadai ya kuwa katika kampeni yalisemwa maneno ya kumdhalilisha mgombea huyo wa CCM. Tarehe 5 Aprili 2012 Mahakama Kuu iliubatilisha ushindi. Tarehe 21 Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikamrudishia Lema ubunge, kwani iliona ya kuwa wapiga kura wale hawakuonyesha haki yao wenyewe iliyovunjwa.

Katika habari hiyo yako mafunzo mawili. La kwanza, jimbo zima lilikaa miezi minane bila ya mbunge kwa ajili ya kesi ya maneno. Basi maneno ya jukwaani si upepo. La pili, mahakama yaweza kukoma katika swali la nani ana haki ya kushitaki. Lakini mpiga kura aliyekuwapo mkutanoni, akasikia kwa masikio yake, ana haki ya kupima. Na ahudhurie mikutano ya pande zote, asitegemee habari za kuletewa. Naye mwenyewe asichukue tusi la ndoa ya mtu, wala kabila lake, wala aibu ya nyumbani kwake, akalipeleka kahawani. Kutaja kosa la mgombea katika kazi ya umma, kwa ushahidi, ni nasaha. Kutaja yasiyokuwa hayo ni kusengenya.

MIZANI YA NNE: KUTIMIZA

Mbunge wa Arumeru Mashariki, Jeremiah Sumari, alifariki Januari 2012. CCM ikamsimamisha mwanawe, Sioi Sumari; CHADEMA ikamsimamisha Joshua Nassari. Tarehe 1 Aprili 2012 Nassari alipata kura 32,972, na Sioi 26,757. Wote wawili ni watu wa Meru, basi kabila halikuweza kuwa hoja. Na kiti cha baba hakikuwa urithi wa mwana.

Walakini habari haikuishia hapo. Mwezi wa Machi 2019 Spika alitangaza ya kuwa Nassari amekipoteza kiti chake, kwa sababu ya kutohudhuria mikutano mitatu ya Bunge mfululizo, ingawa mwenyewe alisema alikuwa ametoa taarifa. Baadaye akaingia CCM, na mwaka 2021 akawa mkuu wa wilaya. Basi apendaye mtu kwa ajili ya chama chake na ajue ya kuwa chama ni kanzu, huvuliwa na kuvaliwa nyingine. Hazina ya mpiga kura ni kumbukumbu: nani alihudhuria, nani aliuliza, nani alirudi kuwaeleza watu.

Na ipo huko huko Meru sura njema ya wakala. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi. Watu walichanga fedha zao, wakamtuma Kirilo Japhet, naye mwaka 1952 akafika Umoja wa Mataifa, New York, akasema yale aliyotumwa. Ardhi haikurudishwa mara ile. Lakini waliomtuma hawakuwa na shaka kama amekwenda, wala kama amesema. Kirilo hakuwa mbunge. Walakini wabunge wengi wangefaa kupimwa kwake.

MAS'ALA

Yule mtu wa Tanga akaaye Sakina ana wagombea wawili. Mmoja ni mwenziwe katika dini, na mwezi wa kampeni amewaletea watu wa msikitini mabusati mapya. Wa pili si wa dini yake wala si mtu wa kwao, lakini alipokuwa diwani hesabu zake zilisomwa mbele ya watu, na mwenye shida alimwona. Ampe nani?

Jibu: kwanza atazame tarehe ya mabusati. Ikiwa mtu huyo amekuwa akitoa miaka yote, kura au pasipo kura, basi hiyo ni sadaka yake, na iko kwa Mola wake. Ikiwa ameukumbuka msikiti mwezi huu tu, basi ameufanya msikiti kuwa duka. Pili, na aulize kwa kila mmoja: ana nguvu ya kazi hii, na ni mwaminifu? Sifa mbili hizi ndizo alizosifiwa nazo Nabii Musa (a.s.) alipotakiwa kuajiriwa, nazo zataka kupatikana pamoja. Dini ya mtu yamfaa katika cheo pale imzuiapo na dhuluma. Ikiwa ni jina tu, haitachimba kisima. Basi ikithibiti ya kuwa wa pili ndiye mwenye sifa mbili hizo, kumnyima ushahidi kwa ajili ya ujamaa ni kuipotosha haki.

Na wakiwa wote wawili wana dosari? Hapo kanuni ni kulichukua dhara lililo jepesi ili kuliepuka lililo zito. Kukaa nyumbani si kutoka katika jambo. Ni kuwaachia wengine waamue.

Lakini mizani yataka vitanga viwili. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 CHADEMA hakikuwamo: Tume ilikiondoa kwa kuwa hakikutia sahihi maadili ya uchaguzi, na chenyewe kilisema hakitaingia pasipo mabadiliko ya sheria. Siku ile na zilizofuata palitokea ghasia, na damu za watu zilimwagika katika miji kadhaa. Basi mpiga kura na ajue ya kuwa kudai kwa amani mizani iliyo timamu ni katika amana yake pia, kama kupima kwenyewe. Kwani watu wasipopata pa kupimia, hasira huchukua mahali pa hoja.

MASWALI YA KUJISAILI

Mtu na achukue karatasi, aandike jina la kila mgombea, na chini yake ajibu:
1. Je, aijua kazi ya mbunge, au aahidi kazi ya mtu mwingine?
2. Alitoa nini kabla ya kampeni, na kwa nani?
3. Amesema nini juu ya mpinzani wake ambacho hakuweza kukithibitisha?
4. Amana aliyopewa kabla ya hii, kubwa au ndogo, aliirudisha vipi?
5. Lau majina na kabila na vyama vingefutwa katika karatasi hii, yakabaki majibu tu, ni yupi angechaguliwa?

Jibu la swali la tano ndilo la kwenda nalo katika kile chumba kidogo cha kura, ambamo haingii mgombea wala jamaa wala jirani, na aonaye ni Mwenyezi Mungu peke yake.