Sikio la mtoto hufunguka mapema, usichelewe kulichunguza

Wazazi wengi huhesabu meno na hatua za mtoto, lakini ni wachache wanaochunguza kama anasikia. Mtoto akifika miaka miwili bila kutamka neno, utasikia: "Atasema tu, hata baba yake alichelewa." Maneno hayo yamewapotezea watoto wengi muda ambao haurudi.

Tuanze na wanyama tunaoishi nao. Paka anapozaa, watoto wake huwa wamefumba macho, na matundu ya masikio yao yamezibika. Masikio hufunguka polepole katika wiki mbili za mwanzo. Mtoto wa mbwa yuko hivyo hivyo, na wa panya huanza kusikia akiwa na siku 12 hivi. Mwanadamu ametangulia: mtoto huanza kuitikia sauti akiwa bado tumboni, mimba ikikaribia miezi sita au saba. Anapoadhiniwa baada ya kuzaliwa, sikio lake tayari linafanya kazi. Na katika Suratun Nahl, aya ya 78, kusikia kumetajwa kabla ya kuona.

SIKIO HUPOKEA, UBONGO HUELEWA

Ndani ya sikio mna kiungo kilichojikunja kama konokono, chenye vinyweleo vidogo sana. Vinyweleo hivyo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara, na mshipa wa fahamu huzipeleka kwenye ubongo, kituo kwa kituo, hadi mahali pa kutambua kuwa hii ni sauti ya mama na ile ni honi ya lori.

Njia hizo ni kama vijia vya mashamba ya kahawa kule Mbozi. Kinachopitwa kila siku hukanyagika kikawa wazi. Kisichopitwa huota majani. Sauti ndizo zinazopita humo. Mtoto wa miezi sita anaweza kutofautisha sauti za lugha nyingi za dunia, lakini akikaribia mwaka mmoja ubongo wake huwa umeegemea lugha anazozisikia nyumbani, iwe Kiswahili au Kinyamwanga.

Asiposikia, sehemu ile ya ubongo huanza kutumika kwa kazi nyingine, kama kuona. Uchunguzi wa watoto waliozaliwa viziwi wakapandikizwa kifaa cha kusikia umeonyesha kuwa waliokipata kabla ya miaka mitatu na nusu, ubongo wao huitikia sauti vizuri zaidi. Baada ya miaka saba, wengi hawafikii hapo. Hapa nchini, upandikizaji huo ulianza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017.

YANAYOHARIBU USIKIVU

Ni pamoja na rubela kwa mama mjamzito, manjano kali kwa kichanga, homa ya uti wa mgongo, surua, matubwitubwi, na baadhi ya sindano zikitumiwa bila uangalizi wa daktari. Usaha wa sikio unaojirudia nao hupunguza sauti katika miaka ile ile ambayo njia zinajengwa.

NIFANYE NINI NYUMBANI?

1. Kichanga hushtuka kwa sauti kubwa ya ghafla. Akifika miezi sita anapaswa kugeukia anakoitwa, na kwa mwaka mmoja aanze kutamka neno. Mwite ukiwa nyuma yake, asikuone.

2. Usimtie njiti, mafuta wala maziwa sikioni. Safisha sehemu ya nje tu kwa kitambaa safi.

3. Mnyonyeshe kichwa kikiwa kimeinuka, na umwepushe na moshi wa sigara na wa kuni.

4. Kamilisha chanjo. Ya surua na rubela hutolewa bure.

5. Kwa walio Tunduma kando ya barabara kuu, malori yanaponguruma kutwa na redio ikifunguliwa juu kushindana nayo, mtoto hasikii maneno vizuri. Mlaze chumba cha mbali na barabara, punguza redio, umwinamie uongee naye.

Ukiwa na shaka yoyote, mpeleke zahanati akapewe rufaa, Vwawa au Mbeya. Akionekana ni kiziwi, usimfiche ndani. Mwanzishie lugha ya alama mapema huku akitibiwa, kwani ubongo wake unahitaji lugha, na mikono nayo husema.